Kilichokuwa Chini ya Tangi

Mlango wa dereva ulifunguka, na aliyeshuka hakuwa Emery.

Hapo ndipo tulipomwacha Valérie wiki iliyopita: amesimama kwenye parkingi ya njia ya Bogoro, mtoto mgongoni, akiangalia taksi nyeupe ya Emery, mume wake aliyetoka jana na hakurudi, ikivutwa kwa kamba nyuma ya lori la mihogo. Najua kuna waliokasirika, msomaji. Basi tusipoteze muda.

Aliyeshuka alikuwa Serge, mwenye lori. Lori lenyewe liliendeshwa na mwenzake. Yeye alikaa kwenye taksi kushika usukani. Vumbi lilimfanya mweupe hadi kwenye kope.

"Weye njo Mama Plamedie?"

"Njo miye."

"Gari nilikuta asubuhi ku mulima, karibu na Bogoro. Tako mu mufereji. Mulango wazi, funguo ndani, telefone ku kiti. Mutu hapana."

"Damu?"

Serge alishtuka. Mwanamke aliuliza kama anayeuliza kama chumvi ingali ipo jikoni.

"Damu hapana, dada."

"Aksanti."

Akapokea simu ya Emery, akaifuta vumbi kwa ncha ya kitenge, akaitia kifuani. Parkingi nzima ilingoja alie. Wauza ndizi waliacha kuuza. Valérie hakulia. Alitafuta ndani yake mahali pa kulilia, hakupaona. Moyo ulikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: upo, unauona, lakini ukiugusa ni wa mtu mwingine.

Aliyelia ni mama mkwe wake. Mama Denise alifika kutoka Rwambuzi akikimbia, kandambili mkononi.

"Emery eeeh! Mutoto yangu! Mutoto yangu mumoja! Nani ananirudishia Emery?"

Wanawake wakamshika. Valérie akamtengenezea kitambaa kichwani kilichokuwa kinaanguka, kisha akasimama tena palepale. Mgongoni Plamedie alikuwa anacheza na sikio lake.

Ndipo pikipiki ikasimama kwa nguvu, na Papa Ephraïm akateremka.

Huyu ndiye patro. Taksi ni yake. Emery alikuwa anaiendesha tu. Mzee mrefu, koti jeusi hata jua likiwaka, sauti ambayo haijawahi kunong'ona.

"Gari yangu! Nani aliua gari yangu?"

"Papa, kwanza mutu," Fabien akamwambia. "Gari iko hapa. Mutu haiko."

Fabien ni prezida wa parkingi. Mashofere wote wa njia ile wanamtii, kwa sababu ya sheria moja ambayo yeye mwenyewe hachezi nayo. Shofere ambaye gari lake limemkatalia njiani, wenzake wanashusha abiria, wanaenda kumtafuta, hata kama ni vita. Lakini shofere aliyeiba, hakuna hata gurudumu moja linalozunguka kwa ajili yake.

"Tufungue moteri," Fabien akasema. "Kama ilikufa yenyewe, tunaenda kumutafuta Emery sasa hivi. Konvoi ya mchana iko karibu kutoka, wanajeshi hawangoji. Konvoi ikitupita, ni mpaka kesho."

"Na kama aliichezea?" Papa Ephraïm akauliza.

Fabien akaelekea kwenye taksi. Sheria ilijulikana. Mpaka kesho, kwenye kilima kile, mtu peke yake. Kila mtu pale alikuwa na ndugu wa namna hiyo, aliyengojewa mpaka kesho.

Wakalishika gari kwa mikono, wakalisukuma hadi garaji ya Étienne palepale pembeni, kati ya makontena mawili yenye kutu.

Étienne akajaribu ufunguo. Moteri ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Akajaribu tena. Hata kukohoa haikukohoa.

"Haina njaa ya moto," akasema. "Moto iko. Shida iko ku chakula."

Akalala chini ya gari. Akafungua mpira unaoleta esansi, yaani petroli, kutoka kwenye tangi, akakinga chupa ya plastiki ya maji ya kunywa. Kilichotoka hakikuwa na rangi ya esansi. Kilikuwa cheupecheupe, kama maji ya kuosha mchele.

Étienne akatoka chini, akainua chupa kwenye mwanga. Uso wake ukabadilika.

"Maji," akasema.

"Munasikia!" Papa Ephraïm akageukia watu, mikono juu. "Munasikia vizuri! Aliuza esansi yangu, akajaza maji! Kisha akakimbia! Mwizi! Na bibi yake iko hapa anasimama kama mulingoti, hata kulia halii, ju anajua bwana yake iko wapi!"

Watu wakamgeukia Valérie. Wale wanawake waliokuwa wakimhurumia wakajitenga kidogo, kidogo tu.

Fabien akavua kofia, akaikunja mkononi.

"Mama Plamedie," akasema polepole, "miye nampenda Emery. Lakini unajua sheria."

"Najua, Prezida."

"Unajua kitu chochote cha kusema?"

Valérie akatikisa kichwa. Huko barabarani konvoi, ule msafara wa magari unaolindwa na wanajeshi, ilikuwa imeanza kupiga honi. Mashofere wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wakienda kuita abiria wao. Ndiyo hivyo mtu anavyopotea, Valérie akawaza bila uchungu wowote. Watu wanakunja kofia, wanaenda kazini.

Étienne aliweka chupa juu ya boneti. Kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kuangalia, Valérie akaiangalia chupa.

Na chupa, msomaji, ilianza kubadilika.

Ule weupe ulikuwa unashuka. Polepole, kama vumbi likitua baada ya gari kupita. Juu pakabaki kitu chembamba cha rangi ya esansi. Chini pakakaa kitu kingine, kisafi, kizito. Katikati yao ukajitokeza mstari, ulionyooka kana kwamba umepigwa kwa rula.

Valérie akaisogelea. Akafungua kifuniko. Akanusa.

"Hii haiko maji," akasema.

"Nini?" Papa Ephraïm akacheka. "Sasa bibi ya mwizi njo mekanisie?"

"Haiko maji. Leteni kiberiti."

Étienne akamwangalia. Akachukua sirinji aliyokuwa akitumia kwa mafuta ya breki, akaivuta ile ya chini tu, akaimwaga kwenye kifuniko cha kopo mbali na gari. Akawasha kiberiti, akakitupa.

Moto ukashika. Moto mdogo wa buluu, uliotulia, ambao juani ulikuwa hauonekani vizuri mpaka uweke mkono na kuuondoa haraka.

Mashofere wa karibu wakainama kuangalia.

"Nilisema ni maji," Étienne akasema. "Nilikosea. Maji hayawake. Hii ni alcool. Tena haitoke ku dépôt yoyote. Nuseni!"

Shofere Léon, yule ambaye hata kwenye matanga hawezi kufunga mdomo, akainama, akanusa, akaruka nyuma.

"Mungu wangu! Kaikpo! Kumbe gari ilikuwa imelewa!"

Watu wakacheka. Kaikpo nani hajui? Pombe yetu ya mihogo, ya kupikwa kwenye chungu, ile ambayo ukiinywa asubuhi jioni hujui jina lako. Wakacheka kwa sababu walikuwa wameogopa. Valérie hakucheka, ila aliona kwamba mashofere waliokuwa wanaondoka wamerudi.

"Lakini ilikuwa inatembea!" Papa Ephraïm akapinga. "Juzi nilipanda mu hii gari mimi mwenyewe! Ilitembea!"

"Ilitembea namna gani, Papa?" Fabien akauliza. "Emery alikuwa ananililia kila siku. Ati gari haina nguvu ku mulima. Ati inakunywa kupita zamani. Ati asubuhi inakohoa sawa muzee wa tumbako."

"Na siye tulimucheka," Léon akasema. "Tulisema gari imezeeka sawa patro yake. Unisamehe, Papa."

Étienne hakucheka tena. Alikuwa amekata ule mpira, akaubonyeza kwa vidole. Ulikuwa laini, umevimba kama mkate uliosahauliwa ndani ya chai.

"Angalieni. Alcool inakula mupira ambao haukutengenezwa ju yake. Tena inafua tangi. Kutu yote ya miaka yote inashuka, inaziba filtre. Na nguvu yake ni kidogo kuliko ya esansi, njo maana gari ilikuwa inakunywa mingi na kupanda kidogo."

"Lakini juu ya nini ife jana, isife juzi?" Papa Ephraïm akakaza.

Étienne akafikiri. Akachukua ile chupa, akaitikisa kwa nguvu. Mstari ukapotea, yote ikawa tena kama maji ya mchele.

"Serge, jana konvoi ilisimama njiani?"

"Sana. Kamio ilikwama mu matope. Watu walinieleza walisimama tangu saa sita mpaka jua lilikuwa linashuka."

"Basi njo ile." Akaiweka chupa juu ya boneti. "Gari ikitembea, barabara yetu inaitikisa. Inachanganyika. Inakohoa, lakini inaenda. Lakini ikisimama muda murefu, kila moja inarudi mahali yake. Kaikpo iko na maji ndani, haipatane na esansi. Inashuka chini. Na pompe inavuta chini. Emery aliwasha, akaanza kupanda mulima, moteri ikakunywa kaikpo tupu. Ikazima. Haikuwa kosa ya shofere."

Mbele ya macho yao chupa ilikuwa inatulia tena, na mstari ulikuwa unarudi.

"Nani alitia?" Papa Ephraïm akauliza. Safari hii hakupiga kelele, na ilikuwa mbaya zaidi. "Fabien, kama Emery njo alitia, bado ni mwizi. Nani alitia kaikpo mu gari yangu?"

Ndipo Valérie alipogundua kwamba hasikii tena kilio.

Mama Denise alikuwa ameacha kulia. Alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu, kandambili mapajani, akiutazama ule moto mdogo wa buluu uliokuwa unaisha.

Nikwambie, msomaji, alichokumbuka Valérie wakati ule. Taksi inalala Rwambuzi kwa mama mkwe, kwa kuwa yeye ana geti. Bidoni ya esansi ya Emery, dumu lake la akiba, inalala pale pia. Tangu njia ya ziwa ifungwe na esansi kuwa ngumu kupatikana mjini, Emery anamwambia kwamba anashangaa: bidoni inaachwa nusu jioni, asubuhi imekaribia mdomo. Valérie alifurahi. Alidhani mume wake ananunua na kumficha ili amshtukize. Na nyuma ya nyumba ileile, kila alfajiri, Mama Denise anapika kaikpo. Tone la kwanza, lile kali ambalo wanaliita kichwa, ukilimwaga kwenye jiko linaruka moto.

Angetaja jina, mambo yangekwisha. Lakini jina gani? Hajawahi kulitamka. Tangu aolewe hajawahi kumwita mama mkwe kwa jina, hajawahi kukaa juu ya kiti chake, hajawahi kumrudishia neno mbele ya watu. Mama huyu ndiye aliyempokea alipotoka Djugu na nguo alizovaa, kijiji chao kikiwaka nyuma yake. Alimwogesha kama mtoto. Kumsimamisha leo mbele ya parkingi nzima, mbele ya Papa Ephraïm?

Honi ya konvoi ikalia tena, ndefu.

"Ni miye," Valérie akasema.

"Weye nini?"

"Niliongeza ndani ya bidoni. Nilitaka kusaidia bwana yangu. Emery hakujua kitu."

Alisema bila kuinua sauti. Hata yeye alijisikia kama anamsikia mwanamke mwingine, wa nyumba ya jirani.

Mama Denise akazikumbatia kandambili zake kifuani.

Papa Ephraïm akamsogelea Valérie mpaka kivuli chake kikamfunika pamoja na mtoto. Fabien akaingia katikati.

"Papa, utamuhukumu kesho. Leo gari ilikufa yenyewe na shofere hakuiba. Sheria ni sheria." Akavaa kofia yake. "Mashofere! Shusheni abiria! Tunaenda kumuleta Emery!"

"Na miye naenda," Papa Ephraïm akasema. "Nataka nisikie kwa kinywa chake."

*

Waliondoka mkiani mwa konvoi. Papa Ephraïm alipanda kwa Léon. Valérie alikaa mbele katika jipu ya Fabien, akimnyonyesha Plamedie. Maziwa yalitoka kama kawaida, na hilo lilimshangaza. Alidhani hata yenyewe yamesimama.

Nyuma alikaa Mama Denise. Walipita nyumba za mwisho za Nyakasanza. Vilima vilikuja, ng'ombe wakakatiza barabara, wanajeshi wakainua kamba.

"Mama Plamedie."

"Mama."

"Juu ya nini ulisema vile?"

"Tulia, mama. Tumupate kwanza."

"Radio ilisema." Sauti ya mama mzee ilikuwa ndogo kama ya mtoto. "Ilisema kule Brésil gari zinakunywa alcool ya miwa. Ya mahindi pia. Nikasema, na ya mihogo je? Niliona mutoto yangu anateseka, anashinda anatafuta esansi mu town yote. Sikutia ile mbaya ya kuuza. Nilitia kichwa tu. Ile safi. Ile nzuri kabisa."

Valérie akamhamishia mtoto titi la pili.

"Ya kule inatoka ku usine, ku mashini kubwa, mama. Wanaikausha maji yote. Na gari zao zinatengenezwa ju ya ile. Ya chungu inabaki na maji."

"Sikujua."

"Najua, mama. Haukujua."

"Nimeua mutoto yangu?"

Valérie alitaka kujibu hapana. Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, na mkono mkavu wa mama mkwe ukaushika, ukaubana.

Fabien akakohoa, akabadilisha gia.

"Hii jipu yangu ina kelele sana," akaiambia barabara. "Tangu tutoke Bunia sijasikia kitu."

*

Kwenye kilima walikuta mfereji na alama ya tairi. Alama ilikuwa ya kurudi nyuma: gari lilizima katikati ya mwinuko, likateremka kinyumenyume. Moteri ikifa, breki zinakuwa ngumu kama mawe. Kila shofere pale alijua. Wakaangalia majani pembeni. Yalikuwa yamelala, kama yaliyoangukiwa na mtu.

Mwanamke mmoja aliyekuwa anapalilia maharage juu ya barabara akasimama, akajifuta mikono.

"Munatafuta ule kijana alibeba mutu?"

"Mutu gani?" Fabien akauliza.

"Alipita hapa jana jioni, mutu ku mugongo. Alikuwa anakimbia, anaanguka, anasimama. Nilimuonyesha njia ya dispensaire."

Mama Denise akaanza kuomba kwa sauti, kwa lugha zote alizonazo. Valérie akapanda jipu, akafunga mlango. Mutu ku mugongo. Emery yuko hai, basi. Alingoja furaha ije. Haikuja bado, labda ilikuwa nyuma yao katika konvoi.

Dispensaire ya Bogoro, yaani zahanati, ni nyumba ndefu ya mabati. Kwenye baraza, chini, mgongo ukutani, alikaa Emery.

Shati lake lilikuwa na matope mpaka shingoni. Alimwona mke wake akiingia uwanjani na hakusimama. Alitikisa kichwa tu, kama anayemwambia arudi.

"Emery."

"Usiingie ndani, Valé."

"Uko muzima?"

"Niko muzima. Usiingie. Umekuya na nani?"

"Na mama. Na mashofere. Na patro."

Emery akafunga macho.

"Papa Ephraïm iko hapa?"

"Anashuka mu gari. Nani iko ndani, Emery?"

Akasema haraka, kwa kunong'ona, akitazama geti. Gari lilipozima, abiria wengine walijibanza katika magari ya konvoi, wakaenda. Alibaki mmoja, msichana aliyekaa nyuma, kitambaa kimemfunika uso tangu Bunia. Gari likaanza kurudi nyuma. Emery akakanyaga breki kwa miguu yote miwili, haikushika. Msichana akaogopa, akafungua mlango, akaruka. Gari likamkanyaga mguu.

"Kitambaa kilianguka. Njo nikamujua. Ni Vanessa."

"Vanessa gani?"

"Vanessa ya patro. Baba yake anajua iko ku masomo. Alikuwa anaenda Kasenyi, kuona kijana. Usiku wote anasema: usiite papa, usiite papa, ataniua. Sikuwa na telefone. Sikuweza kumuacha peke yake, Valé. Nilisema, kama nikibaki hapa, watasema nilikimbia."

"Walisema."

Mlango ukafunguka. Muuguzi akatoka, mwanamke mnene mwenye macho ya kutolala.

"Ule binti ameamuka vizuri. Kwa mguu tutamupeleka Bunia, lakini ataishi. Anaita baba yake. Usiku alikataa tumuite, lakini tangu aamuke anaita yeye tu. Kuna mutu anamujua?"

Emery akamkamata Valérie pindo la kitenge.

Kule getini Papa Ephraïm alikuwa anagombana na mlinzi, koti jeusi likipepea. "Iko wapi? Ule mulevi wa gari, iko wapi?"

Valérie angeweza kusema hapana, hatumjui. Fabien angempakia Emery ndani ya jipu, wangekuwa wamefika mbali. Lakini mtoto akimwita baba yake, na baba yupo getini? Alifikiria Plamedie akiwa mkubwa, ndani ya chumba cha mabati, akiita.

"Papa Ephraïm," akaita. "Kuya hapa."

Mzee akaja na hasira yake yote.

"Ingia ndani. Vanessa anakuita."

"Vanessa iko Bunia."

"Vanessa iko hapa, Papa. Ameumia, lakini ataishi. Ingia."

Hasira ilimtoka usoni kama maji yanavyotoka kwenye ndoo iliyotoboka. Akavua kofia. Akainama ili apite mlangoni, ingawa mlango ulikuwa mrefu wa kutosha. Ndani walisikia sauti ya msichana, kisha kitu ambacho hakuna mtu wa parkingi ile aliyewahi kukisikia: Papa Ephraïm akinong'ona.

Alikaa ndani muda mrefu. Mama Denise alikuwa amemkumbatia mwanawe, akimfuta matope kwa mate na kanga kama mtoto wa kwenda kanisani. Mashofere walisimama uwanjani bila utani. Hata Léon.

Alipotoka, macho yake yalikuwa mekundu. Alisimama mbele ya Emery.

"Anasema ulimubeba ku mugongo mpaka huku."

"Ndiyo, patro."

"Anasema ulikesha ku mulango."

"Ndiyo."

"Mungu akubariki." Akameza mate. Kisha akamgeukia Valérie, na sauti ikarudi kuwa ya chuma. "Lakini mutu aliyetia ile kitu mu tangi alivunja mguu wa mutoto yangu. Bwana yako iko hapa sasa. Rudilia mbele yake. Ni weye?"

Emery akainua uso. Akamwangalia mke wake, ambaye tangu amjue hajawahi hata kugusa chupa ya kaikpo kwa sababu ya kanisa. Akamwangalia mama yake, aliyeikunja kanga mkononi.

"Ni miye," Valérie akasema.

"Hapana," Mama Denise akalia. "Hapana, Papa, huyu mutoto hana kosa! Ni miye! Ni miye na kichwa yangu mubaya!"

"Wote munyamaze," Emery akasema. Akasimama, kwa mara ya kwanza tangu wafike. "Mama alitia. Lakini miye nilijua."

Fabien akasogea karibu.

"Nilisikia harufu siku ya kwanza nilifungua bidoni. Nilijua ni kaikpo ya mama. Moteri ilikohoa, nilijua ni ju ya nini. Nilikuja kwako, Fabien, nikalalamika ili municheke, ili mutu asitafute. Nilisema siku moja nitamuambia mama aache. Kila asubuhi nilisema kesho. Kila asubuhi nilifunga kifuniko, nikaita abiria."

Hakuwa anadanganya. Emery akidanganya anatazama miguu yake, na sasa alikuwa anamtazama Valérie usoni.

Na hapo, msomaji, kitu kikamgusa Valérie. Kilikuwa cha moto. Alidhani ni kile kilio ambacho watu walikingojea tangu asubuhi. Hakikuwa kilio.

Alimfungua Plamedie mgongoni, akamshika mbele, kati yake na mume wake.

"Emery," akasema. "Siku ile mutoto alikuwa na homa. Ulitupakia mu ile gari, miye na yeye, ilikuwa inanyesha, tukapanda mulima wote na moteri inakohoa. Nilikuuliza kama kuna shida. Ukaniambia hakuna. Siku ile pia ulijua?"

Emery akatazama miguu yake.

Mama Denise akaweka mkono mdomoni. Papa Ephraïm, taratibu, akatoka alipokuwa amesimama, akaja akasimama upande wa Valérie.

"Jibu bibi yako," akasema. "Kisha utanijibu miye."